Nettie Stevens: Mwalimu Aliyehesabu Kromosomu za Mbawakawa

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya kijijini, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la Sayansi. Mada ilikuwa hatua za maisha ya wadudu: yai, buu, pupa na mdudu kamili. Zana zake zilikuwa nzuri na ubao ulikuwa umepangwa. Kipindi kilipokaribia kwisha msichana mmoja alinyosha mkono, akauliza ni kitu gani ndani ya yai kinachoamua mdudu awe dume au awe jike. Kabla hajajibiwa akaongeza kwamba mama yake amezaa mabinti sita, na kwamba nyumbani wazee wanamshauri baba aoe mke mwingine, kwa kuwa kosa ni la mama.

Mwanachuo alisita. Akasema kwamba mambo hayo hufundishwa sekondari, akafuta ubao.

Tulipokaa naye baadaye chini ya mwembe kwa ajili ya tathmini hatukuwa na haki ya kumlaumu. Jambo aliloulizwa hatukuwa tumemfundisha, ingawa lina jibu, na jibu hilo limekuwapo tangu mwaka 1905. Tena aliyelitafuta hadi akalipata alikuwa mwalimu wa shule, aliyepitia chuo cha ualimu kama tulivyopitia sisi. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kuwasimulia wanachuo maisha ya mwalimu huyo, na kueleza kwa lugha ya darasani kile alichokiona ndani ya kiini cha seli.

Nettie Maria Stevens alizaliwa tarehe 7 Julai 1861 katika mji mdogo wa Cavendish, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Baba yake, Ephraim Stevens, alikuwa seremala. Mama yake alifariki Nettie akiwa bado mtoto mdogo, baba akaoa tena, na familia ikahamia Westford, katika jimbo la Massachusetts. Hapo Nettie alisoma katika shule iitwayo Westford Academy, akahitimu mwaka 1880. Msichana wa siku zile aliyefika kiwango hicho cha elimu hakuwa na njia nyingi mbele yake. Nettie alishika ualimu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika mji wa Lebanon, jimbo la New Hampshire, ambako kwa mihula mitatu alifundisha elimu ya wanyama, elimu ya mwili, hisabati, Kilatini na Kiingereza. Yeyote aliyewahi kupangiwa masomo matano kwa mkupuo ataelewa hali hiyo bila maelezo zaidi. Mwaka 1881 aliingia katika chuo cha ualimu cha Westfield, Massachusetts. Kozi ilikuwa ya miaka minne, yeye akaimaliza kwa miaka miwili, na alama zake zilikuwa za juu kabisa. Kisha akarudi kazini. Kwa takribani miaka 13 alifundisha, na kwa muda fulani akafanya kazi ya maktaba, akiweka akiba kidogo kidogo kutoka katika mshahara wa mwalimu.

Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 35, alichukua akiba hiyo akavuka bara zima hadi California, akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Stanford kama mwanafunzi wa kawaida. Chuo hicho kilikuwa kichanga, kimefunguliwa mwaka 1891. Tunataja umri wake kwa makusudi, maana kila mwaka hatukosi kuwasikia wanachuo wenye miaka 23 wakituambia kwamba wamechelewa. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1899 na ya pili mwaka 1900. Wakati wa likizo za kiangazi wenzake walipokwenda makwao, yeye alifanya kazi katika maabara ya pwani ya Pacific Grove, akichunguza viumbe wadogo wa baharini kwa hadubini. Huko ndiko mkono wake ulikozoea kazi ya kukata, kutia rangi na kuchora vitu visivyoonekana kwa macho.

Mwaka 1900 alihamia chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania. Mkuu wa masomo ya baiolojia hapo alikuwa Thomas Hunt Morgan, ambaye baadaye, mwaka 1933, alipewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya Morgan alikuwa amefundisha hapo Edmund Beecher Wilson, aliyekwisha kuhamia Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Chuo cha Bryn Mawr kilimpa Stevens nafasi ya kwenda Ulaya kujifunza, kwanza katika kituo cha wanyama wa baharini cha Naples, Italia, kisha Würzburg, Ujerumani, kwa Theodor Boveri. Boveri alikuwa akionyesha katika miaka hiyohiyo kwamba kromosomu si nyuzi zinazofanana tu, bali kila moja ina kazi yake katika kumjenga kiumbe. Stevens alirudi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1903.

Hapa inatubidi tuache simulizi kidogo tuingie ndani ya yai, kwa sababu mwalimu asiyejua kinachotendeka humo hawezi kuelewa kwa nini kazi ya Stevens ilikuwa ngumu.

Kwanza tuondoe utata wa neno. Jikoni, kiini cha yai ni ile sehemu ya njano ambayo ni chakula cha kifaranga. Kiini cha seli ni kitu kingine kabisa: ni kifuko kidogo sana ndani ya seli, chenye kromosomu. Wanafunzi huchanganya vitu hivi viwili, na kosa si lao, bali ni la lugha iliyoyapa mambo mawili jina moja. Tunashauri mwalimu aseme ute wa njano anapozungumzia chakula, na kiini cha seli anapozungumzia kifuko hicho.

Yai changa la mdudu, likiwa bado ndani ya kokwa la mama, ni seli yenye kiini kikubwa na cheupe. Ndani yake kromosomu ni nyembamba mno, zimetawanyika kama nyuzi za buibui, na hakuna awezaye kuzihesabu. Yai linapokua hujaa chakula. Baadaye nyuzi zile hujikunja, hufupika na kunenepa, na kila kromosomu hukaa karibu na mwenzake: mmoja ulitoka kwa baba wa mdudu yule na mwingine kwa mama yake. Kiini husogea pembeni mwa yai, utando wake huyeyuka, na kromosomu hugawanywa mara mbili. Migawanyiko hiyo haina usawa wa kawaida, kwa maana fungu moja tu la kromosomu hubaki kuwa kiini cha yai lililopevuka, na mafungu mengine huachwa kandokando yakafa. Katika wadudu wengi kazi hii husimama katikati, ikangoja mpaka yai litagwe. Mwishowe yai hubaki na nusu tu ya hesabu ya mwanzo.

Kiini hicho cha nusu husafiri kuelekea ndani, kikutane na kiini cha mbegu ya kiume, nacho kikiwa na nusu. Viwili hivyo vikiungana hesabu hukamilika. Kisha hufuata jambo ambalo katika mayai ya wadudu hutushangaza kila tunapolifundisha: kiini hugawanyika kuwa viwili, vinne, vinane, kumi na sita, na kuendelea, lakini yai lenyewe haligawanyiki. Ni kama nyumba moja isiyo na kuta ndani, yenye wakazi wanaoongezeka. Katika inzi wa matunda migawanyiko hiyo hufika 13, viini vikawa maelfu. Vingi vya viini hivyo huhamia kwenye ngozi ya yai, na hapo ndipo kuta zinapojengwa na kila kiini kikapata seli yake. Kila kimoja kina nakala kamili ya kromosomu zilizokuwa katika kiini cha kwanza kabisa. Kwa hiyo ukitaka kujua yai lilianza na nini, waweza kuchunguza seli za mwili za mdudu aliyetokana nalo. Stevens alilitumia jambo hilo vizuri.

Sasa turudi kwenye swali la msichana wetu, maana mwaka 1900 wataalamu wenyewe hawakuwa na jibu lililokubalika. Wengi walisema kwamba chakula na joto ndivyo vinavyoamua: yai lililoshiba huwa jike, lenye njaa huwa dume. Lakini mwaka 1891 Mjerumani Hermann Henking alikuwa ameona katika mbegu za kiume za kunguni mmoja wa mimea kitu cha ajabu, kromosomu isiyo na mwenza, iliyoingia katika nusu ya mbegu na kukosekana katika nusu nyingine. Hakujua kazi yake, akaiita X. Mwaka 1902 Mmarekani Clarence McClung alisema kwamba kromosomu hiyo ya ziada ndiyo inayoamua jinsi, na kwamba mbegu iliyo nayo huzaa dume.

Wazo lilikuwa zuri, upande ukawa umegeuka. McClung na mwanafunzi wake Walter Sutton walikuwa wakichunguza panzi. Sutton alihesabu kromosomu 23 kwa madume, na hesabu hiyo ni sahihi. Kwa majike alipata 22, na hapo alikosea, kwa kuwa ni 24. Kosa hilo lilitosha kugeuza maana yote, kwani lilimfanya dume aonekane mwenye ziada. Sutton hakuwa mzembe. Alikuwa miongoni mwa vijana hodari wa zama zake. Lakini seli za jike zinazotengeneza mayai ni ngumu kuzisoma kuliko za dume. Seli za dume zinazogawanyika ni maelfu kwa wakati mmoja, na ni safi, ilhali mayai ni machache na yamejaa chakula kinachoziba macho. Watafiti wengi waliridhika kutazama upande wa dume, upande wa jike wakaukisia.

Stevens aliomba msaada wa fedha kutoka Taasisi ya Carnegie ya Washington, na kwa mwaka wa 1904 hadi 1905 akapewa. Aliwakusanya wadudu wa aina mbalimbali: mchwa, nyenje, mende, vidukari, na mbawakawa wa unga ambaye kitaalamu huitwa Tenebrio molitor. Huyu wa mwisho ni mdudu mweusi, mwenye buu wa manjano, anayeishi katika unga na pumba zilizokaa ghalani. Si mdudu wa fahari. Ila ana sifa moja inayomfaa mtafiti mwenye fedha kidogo: hufugika ndani ya kopo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Viungo vya uzazi vya mdudu hutolewa, hutiwa katika dawa inayosimamisha kila kitu pale kilipo, kisha hugandishwa ndani ya nta. Nta hiyo hukatwa vipande vyembamba sana, unene wake ukiwa elfu chache za milimita, vipande hubandikwa kwenye kioo, hutiwa rangi inayoshika kromosomu, na ndipo hadubini huwekwa. Kila seli inayofaa huchorwa kwa mkono na kuhesabiwa. Kisu kikipita katikati ya kromosomu moja waweza kuhesabu mbili, na ikibaki katika kipande cha jirani waweza kuikosa kabisa. Hivyo hesabu moja haitoshi, wala kumi. Mtu hurudia mpaka ajiridhishe kwamba anachokiona ni kitu chenyewe wala si kazi ya kisu.

Katika seli za mbawakawa jike Stevens alihesabu kromosomu 20, zote kubwa. Katika seli za dume alihesabu 20 pia, lakini 19 zilikuwa kubwa na 1 ilikuwa ndogo. Hapa palikuwa na faida ambayo panzi hawakuitoa. Hesabu ni ileile kwa dume na jike, kwa hiyo hakuna mtu angeweza kusema kwamba tofauti imetokana na kromosomu iliyopotea kwenye kisu. Ile ndogo ilikuwapo, ikionekana, na ilikuwa kwa madume tu.

Kisha akafuata kromosomu hizo katika upevukaji. Kila yai lililopevuka lilitakiwa kuwa na kromosomu 10 kubwa, bila tofauti kati ya yai na yai. Mbegu za kiume zilikuwa za namna mbili, nusu kwa nusu: zenye kromosomu 10 kubwa, na zenye 9 kubwa pamoja na ile 1 ndogo. Msomaji anaweza kujumlisha mwenyewe. Yai la 10 kubwa likiungana na mbegu ya 10 kubwa hupatikana 20 kubwa, nalo ndilo jike. Yai lilelile likiungana na mbegu ya 9 na 1 hupatikana 19 na 1, nalo ndilo dume. Mayai yote yalikuwa ya namna moja, na tofauti iliingia pamoja na mbegu ya baba.

Taarifa yake ilichapishwa na Taasisi ya Carnegie mwaka 1905. Katika mwaka huohuo Wilson, akichunguza wadudu wengine kwa njia yake mwenyewe, alitangaza jambo linalolingana na hilo, na katika maandishi yake aliitaja kazi ya Stevens. Hatuoni sababu ya kumnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine. Hata hivyo historia haikuwa na usawa huo. Wilson alikuwa profesa mwenye jina kubwa, na Stevens alikuwa na cheo kidogo katika chuo cha wanawake. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilimtaja Wilson peke yake, au vilimpa Morgan sifa yote. Morgan mwenyewe, mwalimu wake, aliendelea kuwa na mashaka na nadharia ya kromosomu hadi mwaka 1910, alipopata inzi dume mwenye macho meupe na kulazimika kukubali. Mwaka 1978 mwanahistoria Stephen Brush alichapisha uchunguzi uliorudisha sehemu ya Stevens mahali pake, na mwaka 1994 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya wanawake wa Marekani.

Stevens hakuridhika na mdudu mmoja. Katika miaka iliyofuata alichunguza aina zipatazo 50 za mbawakawa na aina 9 za inzi, pamoja na yule inzi wa matunda ambaye baadaye alimpa Morgan umaarufu. Tunalisisitiza jambo hili kwa wanachuo wanaopenda kutoa kanuni baada ya mfano mmoja. Alikuwa pia mwangalifu kuhusu mipaka ya jibu lake. Aliona kwamba tofauti ya kromosomu huenda pamoja na tofauti ya jinsi, lakini ukubwa wa kromosomu haukuweza kumwambia kilichomo ndani yake. Imekuja kujulikana baadaye kwamba njia si moja. Kwa inzi wa matunda kinachotazamwa ni idadi ya kromosomu kubwa, ile iitwayo X. Kwa binadamu kuna chembe maalumu ya urithi ndani ya kromosomu ndogo, Y, iliyotambuliwa mwaka 1990.

Na alifundisha. Katika miaka yake yote ya utafiti hakuacha darasa. Imesimuliwa kwamba mwanafunzi wake mmoja alimwomba radhi kwa kumsumbua kwa maswali mengi, naye akamjibu kwamba maswali hayatamsumbua kamwe maadamu yeye mwenyewe bado anaipenda baiolojia, na kwamba anatumaini kuipenda maisha yake yote.

Maisha hayo hayakuwa marefu. Alianza utafiti akiwa mtu mzima, na muda aliopata ulikuwa kama miaka 11, aliotumia kuandika taarifa karibu 40. Chuo cha Bryn Mawr kilimwandalia cheo cha uprofesa wa utafiti, cheo ambacho kingempunguzia mzigo wa kazi nyingine. Kabla hajakikalia aliugua saratani ya matiti, akafariki tarehe 4 Mei 1912 katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Alikuwa na miaka 50.

Sasa mwalimu wa darasa la sita afanye nini na habari hii? Hadubini hana, na hata sisi chuoni tuliwahi kutumia moja kwa wanachuo 40, zamu ikapita kabla ya nusu yao kuona chochote. Lakini mdudu anaye. Katika unga na nafaka za majumbani mwetu kuna mbawakawa mdogo wa rangi ya kutu, ambaye ni wa ukoo mmoja na yule wa Stevens. Weka kumi au kumi na watano katika chupa ya unga wa ngano, funika kwa kitambaa chepesi, iache mahali penye joto. Baada ya takribani mwezi mmoja wanafunzi watakuwa wameona mabuu, pupa na wadudu wapya. Uwachekeche kwa chekecheo la chai, ni rahisi kuliko kuwatafuta kwa kijiti.

Kwa habari ya kromosomu tulipanga na mwanachuo wetu zana ya punje. Kopo la mama liwe na punje 20 za mahindi, zikiwa zimepangwa jozi 10. Kopo la baba liwe na punje 19 za mahindi na punje 1 ya mtama, nazo zipangwe jozi 10, ile ya mtama ikiwa imeoanishwa na hindi. Mwanafunzi mmoja atoe punje moja kutoka katika kila jozi ya mama: hilo ni yai. Mwingine, akiwa amefumba macho, atoe punje moja kutoka katika kila jozi ya baba: hiyo ni mbegu. Waunganishe, wahesabu, waandike ubaoni dume au jike. Zana haigharimu kitu.

Yapo mambo matatu ambayo tulimwonya nayo. Asiseme kwamba kosa sasa ni la baba, kwa kuwa baba hachagui mbegu itakayolifikia yai, kama mwanafunzi aliyefumba macho asivyochagua punje. Kuhamisha lawama kutoka mgongo mmoja hadi mwingine si sayansi. Asitazamie matokeo yatoke nusu kwa nusu barabara, wala asiyarekebishe yakitoka vingine. Na asiwape watoto kanuni ya wanyama wote. Kwa kuku mambo ni kinyume, jozi isiyolingana iko kwa mtetea, na kwa vipepeo ni vivyo hivyo. Nyuki dume hutoka katika yai ambalo halikurutubishwa kabisa. Kwa mamba na kasa wengi ni joto la mchanga linaloamua, kwa hiyo hata wale wazee wa joto na chakula hawakukosea kwa kila kiumbe. Kwa binadamu hesabu ni kubwa zaidi, kromosomu 46, lakini utaratibu unafanana na wa mbawakawa: mayai ya mama ni ya namna moja, mbegu za baba ni za namna mbili.

Mwanachuo alirudi darasani wiki iliyofuata akiwa na makopo yake. Alianza kwa kukiri kwamba swali la wiki iliyopita lilimshinda na kwamba amekwenda kulisoma, jambo ambalo tuliliandika katika kitabu cha tathmini kwa wino mzito. Wanafunzi walitoa punje mara 30. Majike yalikuwa 18 na madume 12, na mara moja yalifuatana majike sita mfululizo. Darasa lilipiga kelele, likasema kwamba mtoaji amechungulia. Ikabidi afungwe kitambaa machoni, wakaanza upya.

Msichana yule hakupiga kelele. Alihesabu punje za kopo la mama mara mbili, akazimwaga mezani, akazihesabu tena kutafuta kama mna mtama. Kipindi kilipokwisha aliomba aazimwe makopo yote mawili hadi kesho yake. Mwanachuo alimpa, akamwongezea na punje nyingine mbili za mtama, kwa kuwa ile moja ni rahisi kupotea njiani.